Pikipiki ya Kibiriti

Jumatatu, 4 Machi

Wifi,

Salamu sikuletei. Nimezitafuta asubuhi yote humu gerejini, kati ya minyororo na matairi, sikuziona.

Pikipiki imefika jana kwenye gari la mkate. Mimi na dereva tuliishusha, nikaisukumia kwenye kona, nikaifunika turubai. Sijaigusa na sina mpango wa kuigusa, maana kila nikipita pale damu inanichemka. Ndugu yangu, kitinda mimba wa mama, kinyozi anayesimama kutwa nzima kumhudumia kila anayeingia na nywele, leo kalala na plasta mpaka pajani kwa sababu wewe ulitaka kushika usukani na yeye akae nyuma kama gunia.

Amenieleza yote kwenye simu. Pale kilimani, kabla ya daraja, ulisimama ghafla, mguu wako haukufika chini, mkaenda wote. Wala sikushangaa. Kimo chako tunakijua sote. Hilo jina la Kibiriti hatukukupa kwa sababu unawaka.

Sasa nisikilize. Hizo damu na makohozi unazozikusanya kwenye vituo vya afya, msimamizi wako atafute mtu mwenye miguu azipeleke maabara. Wewe kaa nyumbani, umuuguze uliyemvunja. Hiyo ndiyo kazi yako sasa.

Dada wa mumeo,
Fundi

Alhamisi, 7 Machi

Wifi,

Barua yako imefika pamoja na mikate. Mikate ilikuwa laini.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu siwezi. Nyumba yetu ni chumba na sebule, na mgonjwa wetu masikio hayakuwekwa plasta. Kila nikisema "haloo" ananyanyua kichwa. Kwa hiyo nampa dereva wa mkate karatasi hii, nawe utanisikiliza mpaka mwisho kwa mara ya kwanza tangu niolewe kwenu.

Ile pikipiki uliichagua wewe. Ulipoileta nilikwambia, na mume wangu amesimama hapohapo, kwamba siti iko juu mno na nagusa chini kwa ncha za vidole. Ukacheka, ukasema nitazoea. Mtu anazoea viatu vinavyobana, wifi, hazoei kurefuka. Hata hivyo nimeiendesha. Nimepita nayo kwenye mawe na matope, boksi la barafu limefungwa nyuma, na sijamwaga hata kichupa kimoja. Unajua nilivyokuwa nasimama? Nateleza nusu ya kalio upande wa kushoto, nashusha mguu wa kushoto, wa kulia unabaki kwenye breki. Pikipiki inainama kidogo kwangu na inatulia. Ndivyo sisi wafupi tunavyosimama, na hakuna aliyetufundisha.

Sasa sikia ninachotaka. Nataka hiyo uliyoifunika turubai uibadilishe na nyingine. Siti iwe chini, uzito ukae chini, matairi yawe mapana, visigino vyangu vyote viwili viguse ardhi. Sura yake hainihusu. Msimamizi wa maabara amenipa mpaka mwisho wa mwezi; baada ya hapo njia yangu anapewa mwingine, na hairudi. Kinyozi hasimami. Mimi nisipoendesha, ndani ya nyumba hii hakuna anayeleta kitu. Ningeenda duka lolote, lakini pikipiki yenyewe iko kwako, na ndiyo pekee niliyonayo ya kubadilishana.

Kuhusu siku ile, nimekwisha sema: tulianguka.

Mke wa ndugu yako

Jumapili, 10 Machi

Wifi,

"Tulianguka" ni neno la mtoto aliyevunja sahani. Vitu havianguki vyenyewe, kuna aliyeviangusha. Mama amesema usikanyage kwake mpaka amwone mwanawe anatembea, na mimi nimemwambia afunge geti kabisa.

Unanifundisha kazi? Mimi nimekulia humu gerejini, baba alinilaza kwenye boksi la matairi. Najua mtu mfupi anahitaji nini. Ningeweza kukata sponji ya siti na kushusha springi za nyuma, fundi uchwara yeyote angekufanyia hivyo na ungemshukuru. Lakini ukiishusha ile, tumbo lake litagonga kila jiwe, na stendi itabaki ndefu, ukiiegesha itasimama wima wima mpaka kuku akiigusa inalala. Sifanyi kazi ya ovyo hata kwa mtu nisiyemtaka.

Nitaibadilisha, ndiyo. Nitachukua nyingine ndefu, yenye nguvu kuliko hiyo, nimwekee ndugu yangu mpaka apone. Wewe ukitaka ardhi kwa visigino vyote viwili, tembea. Au nikutafutie ile ya magurudumu matatu ya kubebea maji, haianguki hata ukisinzia.

Fundi

Jumanne, 12 Machi

Dada yangu mpenzi,

Nakuandikia huku nimelala, usiucheke mwandiko. Kibiriti kaenda bombani, nami nimemwomba dereva wa mkate asimwambie kwamba nimempa barua. Nimeona mnaandikiana. Simuulizi.

Dada, najua anakubana kuhusu pikipiki. Nakuomba usimpe fupi. Fikiria mwenyewe, mimi na urefu huu nitaendeshaje kitu cha namna hiyo? Magoti yatagonga usukani. Chukua ndefu kama ulivyoniambia kwenye simu. Akiishindwa ataiacha, nami nikipona nitaiendesha mwenyewe, nitampeleka vituoni kwake na kumrudisha. Hivyo ndivyo ilivyotakiwa kuwa tangu mwanzo. Hujui maneno niliyoyasikia pale kwenye kiti changu cha kunyolea. Mteja kakaa, shingo ananipa mimi, huku anauliza, "Kinyozi, leo mama kakuleta mapema?" Duka zima linacheka. Nami nacheka nao, nafanyaje.

Na usimwonee huruma kuhusu siku ile. Alishusha mguu kama kawaida yake, haukufika, tukaangukia upande wake huohuo, wa kushoto. Mimi nilikuwa nimetulia nyuma, mikono kwenye mapaja. Ningeweza kufanya nini?

Mwambie mama mguu unawasha tu ndani ya plasta, hauumi. Barua hii ichane.

Mdogo wako

Ijumaa, 15 Machi

Wifi,

Nimeondoa turubai. Si kwa ajili yako. Muuza pikipiki wa mtaa wa pili alitaka kuiona kabla hatujabadilishana, nikamwambia asubiri niifute vumbi.

Nikaanza kushoto. Kioo kizima. Mkono wa klachi umenyooka. Kikanyagio kizima, hata mpira wake haukuchubuka. Nikajua nimekosea, nikarudi mbele, nikahakikisha kushoto ni kushoto. Nikazunguka upande wa pili. Kioo hakuna. Mkono wa breki umekunjwa. Pedeli ya breki imeingia ndani. Bomba la moshi limebonyea, na kikanyagio cha abiria cha kulia kimegeuka kinatazama nyuma.

Nikamwambia muuza pikipiki arudi siku nyingine. Nikakaa juu ya tairi kuukuu, nikachukua barua yako, nikaisoma tena pale unapoeleza unavyosimama. Halafu nikampigia mama, nikamuuliza kama mtu anayeuliza habari za kawaida, plasta iko mguu gani. Wa kulia.

Mtu anayeegemea kushoto, mguu wa kushoto chini, haangukii kulia. Labda avutwe. Na juu ya pikipiki mlikuwa wawili.

Mimi nimekutukana barua mbili nzima. Mama amekufungia geti. Shangazi zetu wote wamekujadili mpaka wamechoka. Na wewe, mwenye mdomo wa kujibu kila kitu, jambo hili moja umekaa nalo kimya kama umemeza spana. Mmoja wenu ananidanganya na mwingine anamshikia mlango, na sijui nimkasirikie nani zaidi. Nijibu. Na ukiniandikia tena "tulianguka", naichoma barua pamoja na bahasha.

Fundi

Jumatatu, 18 Machi

Wifi,

Haya, chukua.

Tulikuwa tunapanda kile kilima. Mzee wa mkokoteni akakata mbele yetu kutoka kwa mchonga milango. Nikasimama kama ninavyosimama siku zote: mguu wa kushoto chini, pikipiki ikainama kwangu. Ilikuwa imeshatulia, wifi. Nilikuwa namtazama mzee, nasubiri apite. Nyuma nikasikia, "Tunaanguka!" Mume wangu akajivuta upande wa kulia na uzito wake wote, akashusha ule mguu mrefu kwenda kuitafuta ardhi. Kule kuinama kwangu alidhani ndiko kuanguka. Mwaka mzima nimembeba na hakuwahi kuniamini hata siku moja. Kila tukisimama nilikuwa nasikia mapaja yake yanakaza. Siku hiyo aliamua kutuokoa.

Pikipiki ikanitoka mguuni, ikaenda naye, ikamlalia.

Alikuwa analia. Watu walikuwa wanakimbia kutoka maduka ya jirani, na kabla hawajafika akanishika mkono, akaniambia, "Sema umeteleza. Nakuomba, mke wangu, sema wewe umeteleza." Mtu mguu umekunjika pasipokunjika, utamkatalia nini? Nikasema nimeteleza. Nilidhani ni la siku moja, la wale waliokusanyika tu. Kumbe aliondoka nalo mpaka hospitali, akalipeleka kwa mama, akalileta kwako, na kila lilipopita liliongezeka. Mara nilisimama ghafla, mara nilikuwa mbio, mara miguu haifiki. Nikiwa namlisha uji namsikia kwenye simu anawasimulia nilivyomvunja. Namfuta mdomo, namwekea kijiko kingine.

Unaniuliza kwa nini. Kwa sababu ni mume wangu na nilimpa neno. Nilimwambia mara tatu, liondoe mwenyewe, mimi sitaliondoa. Akawa ananigeuzia ukuta. Inaniuma, wifi. Usiku namgeuza asipate vidonda, na moyoni nataka kumwangusha.

Lakini wewe usijifanye umedanganywa sana. Ulikuwa na pikipiki mkononi tangu siku ya kwanza. Fundi mzima, binti wa gereji, ukaifunika turubai bila kuitazama, kwa sababu jibu ulikuwa nalo tayari nalo lilikuwa Kibiriti. Ulitaka niwe mimi. Hilo mume wangu hakukuambia ufanye.

Sasa umejua, na tarehe zinakimbia. Huruma yako kaa nayo. Nataka siti ya chini.

Mke wa ndugu yako

Jumatano, 20 Machi

Mdogo wangu,

Upande wa kushoto ni msafi kama sahani ya mgeni. Nadhani hapo umeshaelewa, lakini kwa kuwa umelala na huna kazi, nitaendelea.

Umenidanganya mimi, sawa, mimi ni dada yako, umeanza kunidanganya ungali unanyonya. Lakini umemdanganya mama mpaka amefunga geti, na aliyefungiwa ndiye anayekugeuza usiku. Eti mikono ilikuwa kwenye mapaja! Mikono ilikuwa mapajani, na mguu ulikuwa wapi?

Barua yako sikuichana. Nimeisoma tena pale kwenye magoti na usukani. Magoti yako yatajijua. Pikipiki ni ya mkeo, na itakayokuja huko itapimwa kwa kimo chake, si kwa vicheko vya wateja wako. Nawe mpigie mama, umwambie ilivyokuwa. Simu yangu inafanya kazi, lakini sitakusaidia. Ukitaka akusikie kutoka kwangu utasubiri sana.

Dada yako

Jumapili, 24 Machi

Wifi,

Dereva wa mkate atakushushia pikipiki. Mwangalie, anapenda kuivuta kwa kushika kioo.

Ilikuwa ya shule ya udereva. Imelelewa na watu waoga, kwa hiyo injini haijakimbizwa. Rangi imechubuka, taa ya mbele imekaa upande, ina sura ya mbuzi aliyenuna. Ulisema sura haikuhusu. Ni ndefu kwenda nyuma na fupi kwenda juu, injini imening'inia chini, matairi mapana. Yule muuza pikipiki alitaka kunipa nyingine ndefu inayong'aa, akasema wanawake wanapenda rangi. Nikamwambia akae juu ya hiyo ya shule aisukume kilimani kwa miguu yake miwili, bila kuiwasha. Alipofika juu hakusema tena habari za rangi.

Nimeikalia mwenyewe. Magoti yalinifika kifuani, maana yake itakufaa. Mikono ya breki na klachi nimeisogeza ndani ili vidole vyako viikute. Stendi nimeipima upya. Siti nimeikagua, sponji haijakatwa na mtu. Zingatia hili: kwa kuwa imekaa chini, usiipeleke juu ya mawe makubwa kama ile; zunguka. Na ukikata kona kali kikanyagio kitakwaruza lami, usishtuke, punguza mwendo.

Jambo la mwisho. Vikanyagio vya abiria nimeving'oa. Vimo kwenye mfuko chini ya siti, situpi vyuma. Pale nyuma nimefunga bamba la boksi lako. Atakayetaka kubebwa na Kibiriti aning'inie hewani.

Usitegemee maneno mengine kutoka kwangu. Mimi naongea kwa spana, na nimekwisha kuongea.

Fundi

Jumatatu, 6 Mei

Wifi,

Nimechelewa kukujibu kwa sababu nilikuwa kazini.

Mbuzi wako alifika ikiwa imebaki siku moja ya mwezi. Nilimpanda pale pale mbele ya duka la mkate, miguu yote chini, visigino na vyote, nikacheka peke yangu mpaka dereva akauliza nimepatwa na nini. Kesho yake nilikuwa kwa msimamizi. Aliyekuwa ameandaliwa kupewa njia yangu alikuwa amekwisha kuvaa kofia ngumu. Akaivua. Tangu hapo sijakosa kituo hata kimoja, na mikono ya breki uliyosogeza ndani, wifi, hiyo kazi ni safi. Nikiona kazi nzuri nasema, hata kama aliyeifanya hasemi.

Ndugu yako alipopata barua yako alinuna kuliko hiyo pikipiki. Hakunisemesha wiki nzima. Nilimwekea chakula, nikaenda kazini, nikarudi, nikamkuta kautazama ukuta uleule. Sikumbembeleza. Plasta ikatolewa, akapewa magongo, na Ijumaa akasema anataka kurudi kwenye kiti chake cha kunyolea, wateja wameanza kwenda kwingine. Akaniomba nimpeleke. Nikamwambia kwenye pikipiki yangu hakuna pa kuweka miguu.

Nilikuwa nimesimama mlangoni, helmeti mkononi. Akakaa kitandani. Halafu akachukua simu, akampigia mama, na mimi nikasikia kila neno, kwa sababu nyumba ni chumba na sebule. Alisema, "Mama, ni mimi niliyeshusha mguu. Yeye alikuwa amesimama vizuri." Mama hakuelewa, akamtaka arudie. Akarudia. Mama akataka nipewe simu mimi. Alilia, wifi, akaniita mwanangu, akasema geti liko wazi na yeye ndiye atakayekuja kwangu kwanza, mimi nisiende. Nami nililia, nisingependa ujue lakini ndivyo.

Nikachukua spana, nikatoa boksi na bamba lake, nikafunga vikanyagio mwenyewe. Nikambeba. Kule kilimani kulikuwa na gari linageuza, nikasimama. Nilimsikia anahema mgongoni kwangu, lakini hakutikisika, na miguu ilibaki juu. Tulipofika dukani kwake wateja walikuwa nje. Akateremka na magongo yake, akaniomba radhi mbele yao, kwa sauti. Hakuna aliyecheka.

Mama ameniomba radhi. Mume wangu ameniomba radhi. Umebaki wewe.

Mke wa ndugu yako